Salamu kwa Dalali wa Hadithi

Niliacha shule darasa la sita, lakini kusoma hakukuniacha. Nimechimba dhahabu Sekenke, nimevuna vitunguu Kinampanda, nimechunga ng'ombe wa watu, na kila nilipofika nilisoma kilichokuwepo, hata maelezo ya dawa za mifugo na gazeti lililofungiwa maandazi. Mwaka ule nilikuwa Ilongero, Singida, nikimsaidia shangazi kwenye mashine yake ya kukamua alizeti. Baada ya kazi niliandika kwenye simu hadithi ya wachimbaji. Ilikuwa imefika mwisho, na hakuna mtu aliyewahi kuisoma.

Ndipo ofisi moja ya mawakala wa waandishi ikaanza kunitokea mtandaoni. Ilikuwa Dar es Salaam, na kazi yake ni kuwatafutia waandishi wachapishaji. Mkuu wake alikuwa mama mwenye mvi, miwani inaning'inia shingoni. Kila siku aliweka video fupi. Leo anaeleza kwa nini hadithi isianze na mtu kuamka na kupiga mswaki. Kesho anachukua aya mbovu na kuinyoosha mbele yetu, kama fundi anavyonyoosha rimu ya baiskeli. Siku nyingine ni picha ya mwandishi wao mpya, mwalimu wa kijijini, amekumbatia kitabu chake kama mtoto mchanga. Nilijua wanachofanya. Wauza asali wa Itigi hufanya vilevile: wanakudondoshea tone kiganjani, hawasemi kitu, wanakuacha ulambe. Nililamba kila siku.

Shangazi akaniona.

"Huyo mama anauza nini?"

"Hauzi. Anachukua hadithi ya mtu, anaitafutia mchapishaji. Kitabu kikiuzwa, naye anapata chake."

"Kumbe dalali!" Alicheka mpaka akaweka debe chini. "Dalali wa mnadani anampiga ng'ombe makofi mgongoni, watu waone alivyonona. Wewe atakupiga wapi, na mifupa hiyo?"

Lakini alifuta mafuta mikononi, akaja kutazama.

Wiki ile ofisi ilitangaza kwamba mama angekuwa mubashara Jumamosi mchana, kwa saa moja. Mwenye hadithi aandike sentensi yake ya kwanza kwenye maoni. Itakayomvutia, mwenyewe ataruhusiwa kutuma hadithi nzima. Siku ilipofika shangazi alizima mashine na wateja wake wamekaa pale, akavuta kigoda karibu yangu.

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nikaandika kwanza, "Shikamoo mama." Nikasubiri.

Kwetu huingii uani kwa watu ukaanza na shida yako. Unamwamkia mkubwa, unangoja aitikie, ndipo unaulizwa kilichokuleta. Maoni yalikuwa yanamwagika kama alizeti kwenye gunia lililotoboka. Mama alisoma sentensi ya mtu, akaisifu, akasoma ya mwingine.

"Ameitikia?" shangazi akauliza.

"Bado."

"Ngoja basi. Ana wageni wengi."

"Muda unaisha, shangazi. Niandike tu?"

"Bila kuitikiwa? Atasema umelelewa na mbuzi."

Nikamwamkia tena. Mama akatushukuru wote, akavaa miwani, akatoweka. Sentensi yangu ilikuwa bado kwenye simu.

Shangazi aliwasha mashine bila kunitazama. Baadaye alisema, kwa Kinyaturu chetu, kwamba labda yeye ndiye aliyenifungia mlango. Nikamwambia hapana. Hata ningekuwa peke yangu, kidole kingekataa.

Nilimwandikia yule mama faraghani, kwa uchungu kidogo: mimi kijana wa Singida nilikuamkia mara mbili, hukuitikia, ndiyo maana sikuweza kusema shida yangu.

Siku chache baadaye akaweka video isiyo na somo. "Kuna kijana wa Singida aliniamkia, nikampita kama nguzo ya umeme. Mama yangu angekuwa hai angenifinya. Mwanangu, marahaba. Karibu. Nini kimekuleta?"

Chini yake shikamoo za waandishi wapya zilimiminika, moja juu ya nyingine. Salamu yangu ilikuwa imegeuka tone la asali kwenye viganja vya wengine. Angeweza kunijibu faraghani, na nilijua kwa nini hakufanya hivyo. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona haya kweli. Mtu anaweza kuona haya na bado akakumbuka biashara yake. Shangazi yangu yuko hivyo hivyo.

"Haya, ameitikia," shangazi akasema. "Sasa sema kilichokuleta."

Nikaandika: "Katika mashimo ya Sekenke, mtu huacha ndala zake juu, ili waliobaki wajue nani hajapanda."

Jibu lilikuja gunia la alizeti tulilokuwa tunakamua likiwa bado nusu. "Tuma yote. Huyo mwenye ndala alipanda?"

Nilimsomea shangazi. Hakuwahi kuniuliza hadithi yangu inahusu nini. Alinyoosha mkono akazima mashine, akakaa juu ya gunia.

"Enhe," akasema. "Alipanda?"