Siku ya Kungoja Makambako

Nakumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu, na kila ninapoikumbuka sina hakika kama niliiishi au niliiota. Umeniuliza jambo dogo: ukifika Dar es Salaam kwa ndege ya kutoka Songwe, uache muda gani kabla ya kupanda ile ya kwenda ng'ambo. Saa mbili zatosha, au uchukue ile tiketi ya kukaa nusu siku? Ungeweza kumwuliza mkata tiketi. Kwa kuwa umeniuliza mimi, basi kaa, maana swali hilo niliwahi kuulizwa nikiwa na umri kama wako, na aliyelijibu hakuwa mimi.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Kampala nikarudi nyumbani Kifanya na ubishi wa kutosha kijiji kizima. Sikupokea neno bila kuuliza nani amelithibitisha. Mchungaji alinivumilia, baba alikuwa amechoka. Ndipo nikapata nafasi ya kwenda kusoma zaidi Uingereza, serikali ikilipa, na karani wa boma pale Njombe akanitaka nichague siku. Ndege kubwa ingeondoka Nairobi Jumamosi jioni. Kufika Nairobi kulikuwa na ndege ndogo ya kutoka Iringa, ya Jumatano na ya Jumamosi asubuhi. Nikipanda ya Jumatano ningekaa Nairobi siku kadhaa bila kazi. Nikipanda ya Jumamosi ningeshuka mchana, nipande tena jioni. Karani alinionya kwamba nisipotokea, nafasi yangu atapewa mwingine, na hakuna atakayeniuliza sababu.

Mimi nilitaka ya Jumamosi. Baba alitaka ya Jumatano. Alisema anaujua ukungu wetu, na mwezi ule ulikuwa mwezi wake. Nikamwuliza ni mara ngapi ndege imekwama Iringa kwa ukungu, na kati ya safari ngapi. Akasema yeye hahesabu ndege, nami nikaona nimeshinda. Nikaongeza kwamba siku zile nilizitaka kwa ajili ya kukaa na Bibi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa jikoni akimenya njegere. Akacheka.

"Kukaa na mimi? Mume wangu, tangu urudi unakaa na vitabu. Mimi unanipita mlangoni kama kuku."

Aliniita mume wake tangu nilipozaliwa, kama bibi wengi wanavyotania, na zaidi kwa sababu nilipewa jina la babu, Lukelo. Akataka nimweleze upya habari za ndege mbili. Nikamweleza kwa Kibena, taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza basi la kunipeleka Iringa linapita wapi. Nikamwambia Makambako, Jumanne asubuhi, likitoka Mbeya. Hesabu ya baba ilikuwa niondoke Kifanya Jumanne alfajiri kwa lori, nishuke, nipande basi, basi.

"Panda ndege ya Jumatano," Bibi alisema. "Na nyumbani tutoke Jumatatu."

"Tutoke, wewe na nani?"

"Mimi na wewe. Hizo siku mnazogombania, nipeni moja. Tukalingojee basi pale njia panda."

Nilimwambia miguu yake haifai kwa lori. Nilimwambia kungoja kutwa nzima pale penye upepo, kwa basi la kesho yake, ni kupoteza siku. Akaendelea kumenya njegere zake. Baba akanitazama kwa jicho la mtu aliyepata mwenzake, na mjadala ukaishia hapo.

Tulipanda lori la magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi. Dereva alimweka Bibi mbele, akamwuliza kwa utani kama yule kijana mwenye tai ni mwanawe. Bibi akamjibu kuwa ni mumewe, na anamsindikiza kwa sababu wanaume wa siku hizi hupotea. Dereva alicheka hadi mteremko wa kwanza. Mimi nilikaa nyuma juu ya magome, nikaiona Njombe ikimezwa na weupe, kwanza miti, kisha mabati ya kanisa, kisha kila kitu.

Makambako ya wakati ule haikuwa hii unayoijua. Hapakuwa na reli. Palikuwa na njia panda, maduka machache, na nyumba ya udongo ya mjane mmoja aliyewapokea abiria kwa chai na moto. Tukakaa kwake. Sijui nikuambieje saa zile zilivyokuwa. Ukungu ulisimama mlangoni kama mgeni anayesita kuingia. Magari yalisikika bila kuonekana. Mlio ulikuja, ukakua, ukapungua, na huwezi kusema limekwenda upande gani. Tulifukia viazi kwenye majivu, tukala, tukasinzia, tukaamka, na mwanga ulikuwa uleule. Jumanne ilifika bila mimi kuiona ikifika. Basi la asubuhi halikuja. Mchana halikuja. Nilikwenda barabarani mara nyingi, nikisimama peke yangu ndani ya weupe, nikijiona tayari niko mahali pasipo na jina.

Niliporudi kutoka moja ya safari hizo, Bibi aliniambia niache kuzunguka, nikae. Ndipo akanieleza jambo ambalo hata baba hakuwahi kulisikia.

Babu Lukelo alichukuliwa kubeba mizigo katika ile vita ya Wajerumani na Waingereza. Hilo nililijua, na kwamba hakurudi. Nisilolijua ni jinsi alivyoondoka. Askari walikuja asubuhi, uji ukiwa jikoni. Hawakumpa hata nafasi ya kunawa. Bibi alitoka mbio nyuma yao, baba akiwa mtoto mchanga mgongoni, akawafuata hadi mtoni, akavuka, akawafuata tena. Nawe unajua desturi yetu: msindikizaji hageuki mwenyewe. Msafiri ndiye anayesimama, anashukuru, anasema rudi sasa. Babu alikuwa na mzigo kichwani na askari nyuma yake. Hakuweza kusimama. Alipandisha kilima, akaingia kwenye ukungu kama ule.

"Hakuniambia nirudi," Bibi alisema. "Watu walinishika mkono wakanirudisha nyumbani, nikapika, nikalima, nikalea. Lakini mimi sijarudi bado."

Nilikuwa na majibu kwa kila kitu siku zile. Kwa hilo nilisogea tu karibu na meko. Nilichochea moto usiohitaji kuchochewa. Akaegemea bega langu akasinzia, nami nikakaa bila kusogea, na kwa mara ya kwanza nikaomba moyoni basi lichelewe zaidi.

Lilikuja jua likiwa linashuka, taa zake zikiwa njano kwenye ukungu. Kondakta akapandisha sanduku langu juu. Bibi alitembea nami hadi mlangoni pa basi, ameshika koti langu kwa ncha za vidole. Abiria walikuwa wanatusubiri.

"Rudi sasa, Bibi," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Siyo hivyo. Sema kama yeye."

Nilielewa. Nilikuwa na tai shingoni na shahada sandukuni, na watu wanatazama. Nikamshika mikono yote miwili.

"Asante kwa kunisindikiza, mke wangu. Rudi sasa."

Ndani ya basi watu waliangua kicheko. Bibi hakucheka. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akageuka, akatembea kuelekea kwenye moto wa yule mjane, wala hakutazama nyuma.

Nilimkuta ameshazikwa niliporudi. Baba alisema tangu siku ile alikuwa analala vizuri.

Sasa, mwanangu, usidhani nitakwambia kwamba ndege ya Jumamosi ilikwama nikaokoka. Nilikuwa Nairobi siku hiyo, nikaiona kwa macho yangu ikitua juani, mapema kuliko ilivyotakiwa. Kwa hesabu nilikuwa sahihi. Nimeishi na usahihi huo miaka yote hii na haujanifaa kitu. Siku zile za Nairobi nilizikaa peke yangu kwenye benchi, na hapo nikajua kuna kungoja kwa namna mbili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Chukua ile tiketi ya nusu siku, kwa sababu ndege huchelewa na mizigo huzunguka, na roho inayokimbia hutoka jasho bure. Lakini usiishie hapo. Ukiwa na muda wa ziada, sehemu yake kubwa iache upande huu, kwa watu wako, kabla hujaupeleka kwenye viti vya uwanja wa ndege. Mama yako akitaka kukufikisha Songwe, usimwambie ni mbali. Mwache akae nawe mpaka mazungumzo yaishe, na mkinyamaza, nyamazeni pamoja. Ukifika mlango wa abiria, geuka, mshukuru, umwambie arudi. Umwambie kwa sauti.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie kila anga unayoipita, akutue salama kila unapotua. Usomapo, akili yako isichoke kuuliza. Na kila utakapokuwa mgeni, ukute moto umewashwa na mtu wa kukusogezea kiti.