Picha ya Mama Truphena

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na tangu uliponionyesha picha zako za chemchemi yetu imenirudia, moyo hautulii. Kesho unakwenda Kakamega mjini kuziweka mbele ya wakubwa, watujengee chemchemi hiyo au watuache tuendelee kunywa matope. Kaa kidogo unisikilize.

Nilikuwa kijana wa kamera huku Butere, na maringo yalinijaa. Miwa ya kijiji chetu ilikuwa imepitisha wakati, inakauka shambani, na wakataji wa kiwanda hawaji. Wazee wakanituma nipige picha, nikatusemee mbele ya kamati iliyopanga nani akatiwe kwanza. Nilizunguka mashamba yote. Lakini miwa iliyokauka, ukiitazama pichani, ni majani tu. Nikaingiwa na hofu kwamba hawatatuhurumia. Basi nikachomoa picha ya zamani ya jirani yetu mjane, Mama Truphena, akilia, nikaibandika juu kabisa.

Mwanzoni nilidhani nimeshinda. Mama mmoja wa kamati alijipangusa macho. Kisha mwenyekiti akauliza shamba la huyu mama ni ekari ngapi, na miwa ilipandwa lini. Sikujua. Mzee mmoja akaivuta picha karibu na macho yake.

"Mimi nilikuwanga kwa hayo matanga," akasema. "Huyu mama analilia bwana yake."

Hawakunitukana. Walinirudishia picha zote, hata zile za kweli, wakaita kijiji kingine. Miwa yetu ilikatwa mwisho, na ya Mama Truphena ilikauka yote, hakuna aliyeitaka.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Aliniangalia tu, akasema, "Ungeniuliza. Hata huko kwa miwa nalianga."

Sasa nakuuliza, huyo mwanamke uliyemweka mwanzo wa picha zako, aliyembeba mtoto mgonjwa, anachota maji kwetu? Jina lake nani? Kama hujui, mtoe sasa hivi. Shuka chemchemini, uulize ni nyumba ngapi zinachota pale, nani aliugua, na nani anakubali uso wake uonekane. Waguse wakubwa mioyo, ndiyo, kwa maana hesabu tupu huwalaza watu usingizi. Lakini chozi unaloonyesha liwe limetoka kwa jambo lile lile unalolisema.

Mungu akutangulie kesho, mwanangu, na kila uso utakaouonyesha uweze kuketi kando yako bila wewe kuona haya.