Kidrili Hakikunyamaza

Fundi wa nyumba za wanasesere hakiamini kidrili cha kutobolea mti mpaka akisikilize. Dukani hukiwasha akakisogeza sikioni, na chenye mtetemo humrudishia muuzaji palepale: "Chukua chako, hiki kitanivunjia miguu ya viti." Nyumbani hukitia ncha nyembamba kama sindano, akakiendesha polepole mti usije ukaungua, na kila akichonga kidogo hupapasa kwa kidole gumba, kisha hunusa. Gunvor, jirani yake wa ghorofa ya juu, ameyazoea hayo yote. Siku zote alidhani ni madaha ya mafundi tu.

Alasiri moja ya Desemba, giza la mapema la majira ya baridi ya kaskazini lilishatanda mitaani, Gunvor alishuka na maandazi ya zafarani. Ndani kidrili kilikuwa kinavuma. Akasukuma mlango, akakuta chumba kizima ni giza totoro, na mvumo haukukatika. Mwanga wa korido ukaangukia meza: ncha inazunguka, na kidole gumba kiko ubavuni mwake, karibu mno.

"Bibi, mbona umekaa gizani?"

Kidrili kikazimwa. "Giza gani, wewe? Si taa inawaka hapa?"

Gunvor akaigusa balbu. Ilikuwa baridi.

"Imeungua, Bibi."

"Mwanangu asijue," fundi akasema. Kisha akakiwasha tena. "Na usinisemeshe. Ukinisemesha, sisikii kidole changu kiko wapi."