Paka Aliyerudi na Sweta la Kwetu

Admin, nifiche vizuri, maana Arusha hii tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na tisa, nimeachika, sina mtoto, na kazi yangu huwachekesha watu: nalinda mbwa na paka wa wenye nyumba wanaosafiri. Nalala kwao, nalisha, nasafisha uchafu, natuma picha za mnyama akitabasamu. Mnyama hatabasamu, ila ukimpiga picha akipiga miayo, mwenyewe huko aliko anaridhika. Kazi hii imenifundisha kuchunguza. Kuna mbwa wa Usa River aliyesemekana anatapika kwa huzuni ya kuachwa, mimi nikagundua anakula sabuni ya mlinzi. Nayasema haya msije mkaniona mjinga, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa nyuma ya ukuta na sikuliona.

Julai hii niko Olasiti kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, nimwite Mama Kiran. Yeye na mumewe huikimbia baridi yetu kila mwaka, wakaniachia paka mnene anaitwa Bosi. Mlima hatujauona siku nyingi, ukungu umekaa mpaka mlangoni, manyunyu kutwa. Mama Kiran aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba Bosi akipotea na mimi nipotee. Basi Bosi akaanza kususa chakula. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, hagusi sahani, na bado ananenepa. Halafu siku moja akarudi amevaa sweta. La kijivu, pindo jekundu, limemkaa kama alipimwa na fundi.

Nilicheka. Kisha nikaligeuza lile pindo, kicheko kikakatika. Kwetu, magharibi ya mlima, kila ukoo una mkato wake wa masikio ya mifugo, kondoo akipotea ajulikane ni wa nani. Wetu ni mikato miwili sikio la kushoto, mmoja la kulia. Mama yangu, ambaye tunamwita yeyo, alijifunza kufuma na akina mama wa kanisani, na kila sweta alilotufumia aliliachia mianya kwenye pindo: miwili kushoto, mmoja kulia. Alisema watoto nao hupotea. Wanaofuma hivyo ni wawili tu, yeyo na mdogo wangu, nimwite Nai. Yeyo vidole vimekakamaa, hafumi tena. Na Nai yuko Uarabuni, kazi za ndani, mwaka wa tatu huu. Kila Jumapili anamtumia yeyo ujumbe wa sauti kwamba huko joto halivumiliki.

Kesho yake nikafuata nyayo za Bosi kwenye matope. Zilipita kwenye tundu la ukuta wa nyuma, zikaingia uani kwa jirani, zikaishia kwenye chumba cha kupanga. Ndani kulikuwa na jiko la mkaa, lundo la sweta za shule, na Nai amekaa juu ya ndoo, Bosi mapajani, anamlisha dagaa.

Hakushtuka. Alisema, "Dada, funga mlango, baridi inaingia."

Nikafunga. Nikakaa juu ya sweta za watoto wa watu. Nilidhani nitalia au nitampiga kofi, sikufanya hata kimoja. Niliona tu kwamba amekonda, na kwamba paka ananuka dagaa. Akanieleza bila haraka, sindano zikiendelea. Alirudi tangu mwaka jana. Mwajiri alimpandisha ndege na nguo alizovaa, mshahara akabaki nao. Na yeyo ndiye aliyeuza ng'ombe wake pekee wa maziwa ili Nai aende, kanisa zima likamwombea safari. Nikamwambia yeyo hataki ng'ombe, anamtaka yeye.

"Wewe uliachika ukarudi na godoro," akasema. "Mimi nirudi na nini? Siendi bila ng'ombe."

Akaniapisha nisiseme. Nikaapa, maana nilikuwa bado natafuta pa kuweka mikono.

Juzi yeyo akashuka mjini kutibiwa magoti, akafikia kwangu hapa hapa, Mama Kiran kaniruhusu. Nikamvua Bosi lile sweta, nikalificha chini ya godoro. Nai akamfumia jingine. Bosi akaingia nalo jikoni, akapanda moja kwa moja mapajani mwa yeyo kama aliyetumwa. Yeyo akampapasa. Kidole kikatembea kwenye pindo, kikapita mwanya, kikapita mwingine, kikavuka upande wa pili, kikasimama. Chai ilifurika kwenye jiko, sikuinuka.

"Bado anaibananisha mianya," yeyo akasema. "Nilimwambia aiachanishe."

Hakuuliza nani, hakuuliza wapi. Akaomba chai.

Leo Jumapili sauti ya Nai imeingia kwenye simu ya yeyo: joto, yeyo, joto la kuua. Yeyo akaniomba nimshikie kitufe na yeye aongee. Akasema, "Pole na joto, mwanangu. Jifunike vizuri. Na huyo paka usimpe dagaa wengi."

Ndugu zangu, sauti hiyo haijaenda. Bando liliisha pale pale, iko kwenye simu na kile kialama chake cha saa. Nai akiisikia anaweza kuruka ukuta huu aje amshike mama yake. Anaweza pia kuhama kesho, na safari hiyo sitakuwa na paka wa kunionyesha njia. Nilimwapia. Yeyo naye yuko hapa, amejifunika blanketi la Mama Kiran, Bosi miguuni, na kila baada ya muda ananiuliza kama Nai amejibu. Mimi namjibu mtandao uko chini. Sisikii uchungu, sisikii chochote, nasikia tu sindano za kufumia upande wa pili, au labda ni manyunyu.

Mliowahi kukaa katikati ya watu wawili wa damu yenu, nisaidieni mawazo, matusi mbaki nayo. Niweke bando, au niache?