Mausi Iliyokuwa Mkobani Mwangu

Nimekaa na jambo hili mwaka wa pili sasa, na mpaka leo nikimwona mzazi wa shule yetu pale sokoni Masoko nageukia meza ya nyanya najifanya nachagua, hata kama nyanya nyumbani zimejaa, basi leo nalisema lote, mkitaka kucheka chekeni, aibu yenyewe nimeshaizoea kidogo ingawa haijaisha.

Kwa asiyenijua, naitwa Somoe, nafundisha Jiografia kwenye sekondari moja hapa Kilwa Masoko (jina la shule tuliache, imeshapata tabu ya kutosha kwa ajili yangu), nina miaka kumi na tisa kazini na wanafunzi wananiogopa kiasi. Kitu nilichokuwa nakipenda kuliko vyote ofisini ni mausi yangu ya kompyuta, ile isiyo na waya. Niliinunua mwaka ambao pale pa kugusia kidole kwenye kompyuta yangu palikufa (hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma na chombo chochote chenye waya ndani), na tangu siku hiyo tukawa hatuachani, miaka sita. Mwaka wa kwanza nilikuwa naifuta kwa kitambaa kila jioni kama miwani. Mwaka wa tatu kile kibonyezo cha kuizimia kilichopo tumboni kikavunjika, nikawa naizima kwa kutoa betri. Mwaka wa nne kifuniko cha betri nacho kikapasuka, nikaizungushia selotepu mizunguko mitatu minne ya nguvu, na kuanzia hapo sikuizima tena, ikawa inalala yenyewe ikiachwa na inaamka yenyewe ikiguswa. Na kile kidude chake kidogo cha kupokelea mawasiliano, kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta, sikuwahi kukichomoa hata siku moja. Ni kidogo kama kucha, nilishasahau kuwa kipo.

Sasa pale shuleni tulikuwa na kijana mmoja anaitwa Deo, mwalimu wa kujitolea, Mmatumbi wa Kipatimu. Alikuja akiwa na cheti chake na begi moja, mimi ndiye niliyempokea, nikamtafutia chumba kwa jirani yangu, nikawa namwita mwanangu. Alikuwa anafundisha hisabati, na kompyuta alikuwa anafundisha kwa kuchora vitufe ubaoni kwa chaki, kwa sababu kompyuta za wanafunzi hatukuwa nazo. Alikaa hivyo mwaka na nusu bila ajira ya maana, mpaka likaja wazo la kuigeuza stoo ya zamani iwe chumba cha kompyuta. Mkuu wa shule akamwambia aandae maelezo, ayaonyeshe kwenye mkutano wa wazazi na bodi siku ya Jumamosi, na bodi ikikubali, yeye ndiye atakayekabidhiwa chumba na kupewa mkataba. Kwa hiyo mnaona, kwake haikuwa Jumamosi tu.

Asubuhi ya mkutano kompyuta ya shule ikagoma kuwaka. Deo akanijia jasho linamtoka, akaniomba yangu. Nikampa bila maneno. Akauliza kama nitampa na mausi yake, nikamwambia mausi hapana, atumie vitufe. Hapo ndipo nilipokosea, maana sikuwa na sababu yoyote zaidi ya uchoyo, ile mausi sikupenda mkono wa mtu mwingine uiguse. Nikaitia mkobani, nikafunga zipu, nikaenda bwaloni nikakaa mstari wa mbele kabisa, mkoba mapajani.

Wazazi walijaa. Baba yake Deo naye alikuja kutoka Kipatimu, alisafiri siku nzima ya kabla yake kwa zile barabara mnazozijua, akakaa kiti cha pili kutoka kwangu, mzee mwembamba, kanzu haipo kwa kuwa wao ni watu wa kanisani, amevaa koti la suti la zamani lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia mwanawe ananitaja kila anapopiga simu. Nikajisikia vizuri sana.

Deo akaanza. Akaeleza slaidi ya kwanza watu wakatulia, picha ya stoo na paa lake, na mimi nikaona sasa ni wakati wa korosho zangu. (Nisemeni tu, mwalimu wa miaka kumi na tisa anakula korosho mkutanoni, nilikuwa nimetoka nyumbani bila chai.) Nikafungua zipu kidogo, nikaingiza mkono, nikatoa mbili. Ukutani slaidi ikaruka. Deo akairudisha, akaomba radhi, akaendelea. Nikaingiza mkono tena, zikaruka tatu kwa mpigo, tukaona ukurasa wa mwisho wa ahsanteni kabla hajasema chochote. Watu wakacheka kidogo, ile ya huruma. Akarudisha. Nikala. Zikaruka. Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake kuwa hizi kompyuta zina mambo, ndiyo maana yeye hata simu kubwa hataki, na mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja asiye na maneno mengi, akauliza kama hicho ndicho chombo tunachotaka watoto wakabidhiwe.

Mara ya nne ndipo nilipogundua. Mkono ukiwa ndani ya mkoba niliona ule mshale mdogo ukutani unatembea, nikasimamisha mkono ukasimama, nikausogeza ukasogea. Pale pale ningenyoosha mkono nikasema samahanini, ni mausi yangu, tungecheka, yangeisha. Lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa korosho, na nikawaza jinsi nitakavyoonekana, nikaamua kuizima kimya kimya humo humo mkobani.

Kuizima mnakumbuka ni mpaka itoke selotepu. Nikawa naichimba kwa ukucha, nimeishika kwa kiganja, uso nimeuelekeza mbele kama msikivu, na kila nikichimba vidole vinabonyeza. Wakati huo huo Deo, masikini, ameamua kufunga maelezo yote aanze upya, kwa hiyo ukutani palikuwa pametandazwa mafaili yangu yote kwa majina yake, na vidole vyangu vikabonyeza mara mbili juu ya moja.

Faili lenyewe lilikuwa video.

Nililipiga mwenyewe chumbani kwangu wiki chache kabla, nimejifunga kanga na kilemba cha taulo, baada ya kusikia fununu kuwa makamu mkuu wetu atahamishiwa Lindi mjini. Nilikuwa najizoeza hotuba ya kupokea nafasi yake. Na Deo alikuwa ameunganisha spika kubwa za bwalo.

Sauti yangu ikatoka kila kona. Nilikuwa nawashukuru walimu wenzangu kwa kuniamini, nasema naipokea ofisi ya umakamu kwa unyenyekevu, halafu nasema, "Tumekaa muda mrefu na ofisi inayofunguliwa saa nne asubuhi." Kisha yule mimi wa ukutani akanyamaza, akafikiri, akajisemesha kuwa hapo aseme kwa upole zaidi, akarudia, na mara ya pili akajifuta machozi ambayo hayakuwepo.

Makamu mwenyewe alikuwa amekaa meza kuu, hatua nne kutoka kwangu. Alishika kalamu yake akawa anaifunika na kuifunua. Watu hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza, bwalo zima la wazazi lilinyamaza kwa kunionea aibu, wengine wakainamia viatu vyao.

Deo akachomoa waya wa projekta. Mkuu wa shule akasimama amekasirika, akamuuliza mbele ya watu kwa nini anafungua mafaili ya mtu aliyemwazima kompyuta kwa wema wake, na kama hii ndiyo adabu anayotaka kuwafundisha watoto. Deo akasema hakugusa. Mkuu akasema nani kagusa sasa. Deo akanigeukia mimi, macho yamemwiva, akasema, "Madam, nisamehe. Sijui imefikaje pale."

Na mimi, jamani, nikamjibu, "Haya, yameshatokea, mwanangu. Siku nyingine uwe mwangalifu."

Nilisema hivyo. Mkono wangu bado uko ndani ya mkoba umeishika mausi, na mdomo unatoa msamaha. Baadhi ya wazazi wakatikisa kichwa kwa kuniona mwungwana. Kisha baba yake Deo akainamia upande wangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na mimi naomba radhi kwa ajili yake. Hakulelewa hivyo."

Sikuweza kumwangalia. Nikanyanyuka, nikasema naenda kunawa, nikatoka na mkoba wangu. Nilisimama karibu na matangi ya maji nikijiambia nichimbe ile selotepu nitoe betri, niitupe, nirudi, na hakuna atakayejua mpaka nakufa. Nilikuwa nimeshaanza kuibandua. Huku nyuma nasikia kwa dirishani Deo ameunganisha tena, anaeleza, slaidi zinakwenda moja baada ya moja bila tatizo, sauti yake imeanza kurudi. Nikaona basi, mambo yamejitengeneza, sikuwaza kuwa ni kwa vile mausi iko mbali, hata betri sikutoa, nikarudi kukaa. (Akili za mtu mwenye hofu, msiniulize.) Nilipoketi mkoba ukabanwa na mkono wa kiti, ukutani slaidi zikaruka tena.

Deo akanyamaza katikati ya neno. Akautazama ukuta, akautazama mkoba wangu, akanitazama mimi. Yeye ni mwalimu wa kompyuta. Aliinamia ubavuni mwa kompyuta akaweka mkono pale. Nami nikamwona baba yake amefumba macho, kama mtu anayengoja mwanawe aaibishwe mara ya pili.

Nikasimama. Nilipanga kusema maneno ya maana, yakatoka mawili, "Ni mimi," halafu nikatoa mausi mkobani nikaiinua watu waione, selotepu inaning'inia, imeshikwa na maganda ya korosho. Nikaeleza, nikaanzia na uchoyo wa asubuhi, nikaeleza korosho, nikaeleza kuwa niligundua mapema nikanyamaza, na kwamba ule msamaha nilioutoa mimi ndiye niliyepaswa kuuomba. Nikamgeukia mzee wa Kipatimu nikamwambia mwanawe hajamkosea mtu. Nikamgeukia makamu, kwake nilisema samahani tu, mengine hayakutoka.

Hapo ndipo walipocheka sasa, bwalo zima, mpaka yule mama wa nyuma akajifuta kwa ncha ya mtandio, na mimi nimesimama katikati na kile kitu mkononi sijui nikiweke wapi. Mwenyekiti wa bodi peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua, akang'oa selotepu, akatoa betri akaziweka mezani mbele yake, akamwambia Deo aanze tena kutoka ukurasa wa kwanza. Deo alieleza kwa robo saa nzuri. Chumba kilikubaliwa, na mkataba ulikuja baada ya likizo.

Makamu hakuhamishwa, ilikuwa fununu tu. Siku hizi anafika saa moja kasorobo, anakaa barazani kwa ofisi yake, na kila nikipita, yeye aliyenizidi miaka kumi, ananiamkia mimi, "Shikamoo, makamu." Naitikia. Nifanyeje?

Lakini la Deo ndilo silisahau. Jioni ile nilimfuata kwake, nikamkuta anafua shati lake la mkutanoni, baba yake amejipumzisha ndani. Nikamuomba radhi upya, peke yetu. Akasema yameisha, akaendelea kufua, kisha akasema bila kuinua uso, "Uliporudi nilijua. Nilikuwa nimeshika kile kidude, nataka kukichomoa ninyamaze. Usingesimama ningekichomoa, madam, na baba angerudi Kipatimu anaamini nimekosa."

Nilikaa kwenye kigoda nikamsaidia kusuuza.

Sasa natumia mausi ya waya, mfupi, hautoki mezani, lakini sina haja ya kuwausia nyie habari za mausi. Nadhiri niliyojiwekea ni kwamba nikikosa nitasema mapema, mdomo ukiwa na korosho au hauna, kabla hajatokea mtu wa kuniomba msamaha kwa kosa langu. Mara mbili tangu siku ile nimelazimika kuitimiza. Haijawa rahisi hata mara moja.