Kiganja cha Mama Pasi

Kwa miaka thelathini na minane Mama Pasi alinyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa, na hakuunguza shati la mtu hata moja. Hilo alilisema bila kuulizwa. Kiganja chake kilikomaa kama soli ya kiatu. Kaa likidondoka sakafuni aliliokota kwa vidole na kulirudisha ndani ya pasi, hana habari.

Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka, na mabati ya chumba chao aliyapigilia mwenyewe enzi za ujana wao. Dari alisema ataweka mwakani. Mwakani ikapita, zikafuata nyingine, mpaka kiharusi kikamlaza, nyundo ikabaki inaning'inia ukutani. Wakati ule, hata hivyo, hawakuona shida. Nyuma kulikuwa na uwanja na miti miwili, upepo ukiingia dirishani unatokea mlangoni. Kisha uwanja ukauzwa, miti ikakatwa, likapanda ghorofa, na ukuta wake ukaja kusimama mbele ya dirisha lao, karibu hata mkono haupiti.

Mwaka ule joto lilikuja likakaa kitako. Mabati yalianza kualika kwa jua, ta-ta-ta, tangu saa tatu asubuhi. Mama Pasi alikuwa na haja moja tu, kumfikisha mumewe kwenye mvua akiwa hai. Alimfunika shuka bichi la maji, akampepea kwa kifuniko cha ndoo, akamnywesha maji kwa kijiko. Lakini kupiga pasi nje hakuweza, vumbi la ujenzi lingemchafulia nguo nyeupe za wenyewe. Akawa anapiga mle mle ndani, nguo zinafuka mvuke, na shuka la Fundi halikauki wala halipoi.

"Fundi, niuzime huu moto?" alimwuliza siku moja.

"Maliza kazi ya watu, bibie. Haya mabati niliyatwanga nyundo mimi. Sasa yanalipiza."

"Na dari je?"

"Mwakani."

Wakacheka. Dawa nyingine hawakuwa nayo.

Siku ya tisa ya joto lile, saa nane mchana, Fundi akaanza kusema maneno yasiyoshikana. Alidai yuko juu ya paa, arushiwe misumari. Mama Pasi akaiweka pasi kando, akamgusa paji la uso kwa kiganja. Hakuona neno. Akampapasa shingo, pakavu, jasho limekatika. Akashukuru kimoyomoyo kwamba joto limemwachia, akamwambia alale kidogo, akarudi mezani. Zilibaki nguo sita. Akaongeza mkaa, akaipuliza, akaisogeza pasi karibu na shavu kujua imepata moto kiasi gani, kama alivyofanya maisha yake yote.

Muuza maji, shoga yake wa siku nyingi, aliingia na ndoo. Akamshika Fundi mkono kumsalimu.

"Shoga, mumeo anaungua."

Mama Pasi alikuja juu. Amemshika sasa hivi, hana kitu, na asimletee uchuro chumbani mwake. Muuza maji hakubishana. Aliuchukua mkono wa mwenzake, akaugeuza kiganja juu, wakautazama wote wawili. Ndipo Mama Pasi alipoinama akaweka shavu lake kwenye paji la mumewe.

Walimmwagia ndoo nzima. Muuza maji akashusha madumu yake kutoka kwenye mkokoteni, wakampakia Fundi, wakausukuma mbio. Hawakufika hata barabara ya lami.

Mvua ilinyesha wiki tatu baadaye. Waliokuja kumpa pole walimwambia siku zake zilikuwa zimefika, yeye akawaitikia tu, maana angewaeleza nini? Bado anapiga pasi chumba kile kile, chini ya mabati yale yale. Hajaunguza shati la mtu hadi leo, ila siku hizi hata akiulizwa halisemi. Akiinua pasi kuipima shavuni, husimama nayo hapo mpaka mkaa uanze kupoa.