Mama Nukta na kompyuta isiyofunikwa

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Nukta anashusha kifuniko cha kompyuta mpakato taratibu, anaweka kiganja juu yake na kuanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye benchi la ukutani, bibi wa miaka sabini na mmoja anahesabu pamoja naye kwa midomo tu, bila sauti. Pembeni yake, kwenye kiti cha magurudumu, mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na mmoja hapepesi macho.

Wanapofika tisa, feni iliyo ndani ya mashine inavuma ghafla, kisha inanyamaza. Mama Nukta anafunua. Kioo ni cheusi. Anabonyeza kitufe cha kuwashia na kompyuta inaanza upya, kazi inayoichukua dakika kumi na moja.

"Imekata," anasema, kisha anaandika kwenye daftari: jaribio la thelathini na nne, tisa.

Bibi anashusha pumzi. Msichana anajipiga ngumi pajani. Ana la kusema, tena kali, lakini kwa dakika hizo kumi na moja hawezi kusema chochote, maana sauti yake imo ndani ya mashine hiyo.

Hii ni siku ya nane ya watu hawa watatu kukaa pamoja katika chumba chenye upana wa hatua tatu na urefu wa hatua nne, kilichojaa chaja, vioo vilivyopasuka na skrubu zilizopangwa kwenye vifuniko vya chupa. Fundi alishauri mashine ibaki kwake wiki moja. Bibi alikataa katakata. "Mashine ikibaki hapa, mtoto anabaki hapa," alisema kwa mnong'ono. "Na mtoto akibaki, mimi niende wapi?"

Basi huja wote asubuhi na kuondoka wote jioni, na kati ya jaribio na jaribio msichana hupewa kompyuta yake apige soga.

Alizaliwa na mwili usiomtii vizuri. Anasikia, anaelewa na anacheka sana, ila ulimi hautamki. Kwenye kioo chake kuna picha na maneno. Mshale hupita juu yake polepole, na ukifika kwenye neno analolitaka, anabonyeza kitufe kikubwa cha manjano kwa ngumi. Neno hutoka kwa sauti ya bibi yake.

Bibi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyarekodi maneno hayo mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa miezi saba. Alikuwa akijifungia chumbani na kujifunika shuka gubigubi ili kelele za barabarani zisiingie. Alifikisha maneno elfu mbili mia moja na arobaini. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, ila sauti haikurudi.

"Mimi nimebakiwa na huu upepo," ananong'ona, akicheka. "Sauti anayo yeye. Nikimgombeza, ananijibu kwa sauti yangu mwenyewe. Hapo utafanya nini? Unanyamaza."

Kwa utundu huo amempa mjukuu jina la Kasuku. Mwandishi wa makala haya alipomuuliza Kasuku kama analipenda jina hilo, mshale ulizunguka kitambo, kisha sauti ya mwalimu mstaafu ikatamka: "Kasuku. Ni. Bibi."

Shida ilianza miezi minne iliyopita. Kompyuta ikifunikwa au ikiachwa kidogo, hutakiwa kulala, yaani kutulia huku ikikumbuka ilipoishia. Hii, kila ikitaka kulala, inakata. Na kila ikikata ghafla, maneno kadhaa yanaharibika. Hadi wanafika kwa Mama Nukta, yalikuwa yamepotea maneno sitini na matatu, na koo la kuyarudishia halipo.

Mojawapo ni "asante." Siku hizi Kasuku akipewa kitu hujibu, "Haya basi."

"Wageni wanadhani sikumfunza adabu," bibi analalamika. "Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na mitatu!"

Fundi wa kwanza aliwaambia dawa ni kupiga windo upya, yaani kufuta kila kitu na kuanza sifuri. Bibi aliichukua mashine yake akaondoka bila kuaga. Wa pili aliizuia isilale kabisa. Ikawa inachemka kwenye mkoba, betri inakwisha kabla ya saa nne, na mtoto anakaa darasani bila neno mpaka saa ya kurudi nyumbani. Wakajaribu kuizima na kuiwasha kila inapohitajika. "Mtoto anataka kwenda kujisaidia," bibi anasema, "wewe unamwambia asubiri dakika kumi na moja?"

Ndipo akaanza kuibeba wazi. Kila asubuhi, mkono mmoja ukisukuma kiti na mwingine umekumbatia kompyuta iliyofunuliwa, alitembea hadi shuleni bila kuifunika hata mvua ilipoanza. Siku ya mvua alivua kanga akaitandaza juu ya mashine, akaenda na kilemba kinachotiririka maji.

Mama Nukta alimwona akipita hivyo mara tatu. Mara ya nne alitoka mlangoni. "Mama, samahani," alimwambia. "Hiyo laptop mbona huifuniki?"

Fundi huyu ana miaka hamsini na minne na watoto watatu. Hakusomea ufundi. Alikuwa msafishaji katika chuo kidogo cha kompyuta, akipiga deki chini ya meza huku macho yakiwa juu yake. Aliomba apewe mashine zilizotupwa, akazifungua nyumbani kwa kisu cha mezani.

"Nilianza na zilizokufa, maana maiti huiui mara ya pili," anasema.

Huu ni mwaka wake wa kumi na moja kwenye kibanda hiki. Siku nzuri anatengeneza mashine tatu, siku mbaya anauza chaja moja, na karibu nusu ya kipato cha mwezi huishia kwenye pango na umeme. Wateja wapya humuuliza fundi yuko wapi. "Ametoka," huwajibu, "ila mimi kaniachia bisibisi yake."

Jina la Mama Nukta limetokana na rangi ya kucha. Kila kipande anachokifunga ndani ya mashine hukitia nukta nyekundu, upande wa chini ambako wajanja hawafiki. Mteja akirudi na kipande kibovu, anakigeuza. Nukta ikiwepo, hasara ni ya fundi. Mtaani wanasema nukta ya mama huyu ni sawa na risiti.

Sheria yake ya pili ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. "Ukibadilisha viwili kwa mpigo, ikipona hujui kilichoiponya, na ikiugua tena hujui uanzie wapi."

Kwa hiyo kwanza aliyanakili maneno yote yaliyobaki kwenye diski ya pembeni, akampa bibi aishike mwenyewe. Kisha akachomoa kitufe cha manjano, akafunika, akahesabu. Ikakata. Akakirudisha, akatoa betri, akaendesha mashine kwa waya. Ikakata. Akasasisha programu inayoongoza kioo, akazima mtandao, akabadilisha diski. Kila mara ilikata, wakati mwingine kwenye sita, wakati mwingine kumi na mbili. Vipande vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu, alivipima saa sita mfululizo. Vikafaulu.

Asubuhi ya siku ya tisa bibi alikuwa na miadi ya koo hospitalini, na mjukuu alikwenda naye; kwa mara ya kwanza walikubali kuiacha mashine. Mama Nukta alibaki peke yake.

"Nikajiuliza, hii ramu nimeipima ikiwa macho," anasimulia. "Kompyuta ikilala, kila kiungo kinanyimwa umeme. Inabaki ramu tu, inapewa umeme kidogo ishikilie ulichokuwa unafanya. Sasa kama ni dhaifu, mchana utaiona nzima kabisa. Udhaifu wake unaonekana pale inapoachiwa ule umeme kiduchu."

Zilikuwa mbili. Akachomoa moja, akafunika, akahesabu. Akapita tisa. Akapita hamsini. Alipofika mia tatu akafunua, na maneno yote yalikuwa palepale, mshale ukisubiri.

"Nilipiga kigelegele humu ndani peke yangu. Wa duka la jirani akaja kuuliza nani kajifungua."

Kisha akakigeuza kile kipande kibovu ili anakili namba yake kwenye daftari. Chini yake kulikuwa na nukta nyekundu.

Alipekua madaftari ya zamani, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akaipata: miaka sita nyuma, ofisi moja ilimletea kompyuta sita aziongezee nguvu. Alizifunga ramu alizozinunua kwa mchuuzi wa kupita, arobaini kwa mkupuo, kwa bei ya kutupa. Baadaye ofisi hiyo iligawa mashine zake kuukuu, na moja ilimfikia bibi.

"Nilikaa kama nusu saa," anasema Mama Nukta, na hapa anaacha kucheka. "Hakuna aliyeniona. Dawa ya kufutia rangi ya kucha hii hapa, rafu ya pili. Ningefuta, ningeweka ramu mpya, ningeshangiliwa. Lakini nikawaza, yule mtoto ana maneno elfu mbili tu na bado anasema anachotaka. Mimi niliyejaliwa maneno yote haya nishindwe kusema matatu? Ni mimi nimekosa."

Waliporudi hospitalini aliwaketisha, akakiweka kile kipande kwenye kiganja cha bibi, nukta juu, akawaeleza yote.

Bibi aliigusa ile nukta kwa kidole. "Ulijua?" akanong'ona.

"Sikujua, mama. Ila nilinunua kwa sababu ni rahisi, na nikapima nusu ya kupima. Maneno yako yamepotea kwa mkono wangu."

Mshale ukaanza kutembea kwenye kioo cha Kasuku. Bibi hakuwahi kurekodi neno "nimekusamehe". Hakufikiri mtoto wa miaka saba, umri aliokuwa nao wakati ule, angelihitaji. Mjukuu akapapasa alichokuwa nacho.

"Fundi. Kosa. Kubwa."

"Sauti yenyewe ya mwalimu," Mama Nukta anakumbuka. "Nilijiona niko darasa la tatu, nimesahau daftari."

Mshale ukazunguka tena. "Kesho. Njoo. Nyumbani. Kula."

Bibi ndiye aliyeanza kulia, na fundi akamfuata. Kasuku aliwatazama kwa zamu, akabonyeza, "Haya basi."

Mama Nukta alifunga ramu mpya kwa gharama yake, akaipima ikiwa macho na ikiwa imelala. Kisha alitumia siku tatu kufukua diski akitafuta maneno yaliyopotea. Alipata arobaini na moja. Ishirini na mawili hayakupatikana, na "asante" ni miongoni mwa hayo.

Bibi alijaribu kuyasema upya. Kinasa sauti kilinasa pumzi tu. Ikatafutwa sauti ya kuazima: akatajwa shangazi wa mtoto, akatajwa pia mwalimu wa darasa. Aliyepaswa kuchagua ni mwenye kusema. Kasuku akabonyeza neno moja: "Fundi."

"Nilikataa," anasema Mama Nukta. "Sauti hii ya kuuzia chaja? Lakini mtoto akiamua kaamua." Akafunga mlango, akajifunika shuka la bibi, akarekodi.

Sasa ana kazi nyingine. Kati ya ramu arobaini za yule mchuuzi, amekwisha kuwapata wenye ishirini na tatu. Huwapigia simu mmoja mmoja, anajitaja, anaomba radhi kabla hajaulizwa, na kuwaita waje wabadilishiwe bure. Wawili wamemtukana. Mmoja amemletea wateja wapya wanne. Anatumaini hadi mwisho wa mwaka atakuwa amezipata zote. "Mficha maradhi kifo humuumbua," anasema. "Zimebaki kumi na saba. Sitaki mtu mwingine abebe kompyuta wazi kwenye mvua kwa ajili yangu."

Siku ya kuagana, Kasuku hataki kusaidiwa. Kwa ngumi yake anakisukuma kifuniko mpaka kinafunga. Safari hii hakuna anayehesabu. Bibi anatoa mkoba mpya alioushona mwenyewe, anautazama, anaurudisha kwapani, maana mjukuu ameomba kwa macho kompyuta ifunuliwe kwanza.

Kioo kinawaka papo hapo. Mshale unatembea, unashuka, unasimama. Ngumi inatua kwenye kitufe cha manjano.

"Asante," inasema kompyuta, kwa sauti ya fundi.

Mama Nukta anainama chini ya meza kutafuta bisibisi yake. Anaitafuta kwa muda mrefu, na imo mkononi mwake.